Oili ya Gari si Najisi: Tofauti ya Usafi na Twahara

Adhana ya Adhuhuri ilinikuta gereji, Unga Limited, gari langu likiwa juu ya jeki. Ilikuwa Julai, ile Julai ya Arusha yenye mawingu tangu asubuhi, hujui jua limefika wapi. Kijana aliyekuwa chini ya gari akajitoa, akajifuta kwa tambara, akanisalimia upya kwa kuwa mara ya kwanza alinisalimia akiwa amelala chali. Nikamwambia tukaswali kwanza, gari litatusubiri. Akaninyooshea viganja. Vilikuwa vyeusi hadi kwenye mikunjo, na chini ya kila kucha kulikuwa na mstari wa grisi.

“Shehe, we nenda tu. Mimi nitaswali usiku nikishaoga. Kwa hali hii nitasimamaje mbele ya Mungu?”

Nikamuuliza kama huwa anafanya hivyo kila siku. Akasema tangu aanze ufundi, mwaka wa nne huu. Adhuhuri na Alasiri anazilipa usiku, na siku akichoka sana analala nazo.

Sikumlaumu. Ameelewa hivyo kwa sababu ndivyo tunavyozungumza sote. Nimewasikia wabeba mizigo wa soko la Kilombero wakisema maneno hayohayo, na vijana wa bodaboda, na wachimbaji wanaoshuka mjini kutoka Mirerani wakiwa na vumbi mpaka kwenye kope. Ni watu wanaoipenda dini yao. Wanaacha swala kwa heshima, wakidhani wanamwepusha Mungu na uchafu wao. Hilo ndilo linaloniuma, maana kizuizi wanachokiona hakipo.

Tatizo linaanzia kwenye neno. Kwa Kiswahili cha kila siku tunasema “safi” na “chafu”, basi. Ndani ya maneno hayo mawili tumebana mambo matatu ambayo sheria ya dini inayatenga kabisa: uchafu, najisi na hadathi.

Uchafu ni kitu kisichopendeza jicho au pua: vumbi, tope, jasho, grisi, rangi, saruji. Najisi ni vitu maalumu ambavyo dini imevitaja kuwa haviruhusiwi kuwa mwilini, kwenye nguo wala mahali pa mtu anayeswali: mkojo, kinyesi, damu, usaha, matapishi, mzoga, pombe na vingine vichache. Hadathi si kitu cha kushikika hata kidogo. Ni hali inayompata mtu, kwa mfano akienda chooni, akitokwa na upepo au akilala usingizi mzito, na hali hiyo inamzuia kuswali mpaka atie udhu. Kukosekana kwa najisi na hadathi ndiko kunakoitwa twahara.

Chukua mfano wa vifodi, zile daladala ndogo za Ngaramtoni. Kimoja kimeoshwa asubuhi mpaka vioo vinang'aa, lakini leseni ya dereva imekwisha muda. Kung'aa kwake hakutamfanya trafiki akipitishe. Kingine kimejaa vumbi hadi namba hazisomeki vizuri, ila karatasi zote ziko sawa. Atamwambia dereva akioshe gari lake, lakini safari itaendelea. Cha tatu ni safi na kina karatasi zote, ila kimebeba mzigo usioruhusiwa barabarani, na huo lazima ushushwe kwanza. Vumbi ni uchafu, leseni iliyokwisha muda ni hadathi, na ule mzigo ni najisi. Dereva anaweza kuwa na moja bila nyingine, na dawa ya moja haiponyi nyingine. Mtu anaweza kutoka bafuni akinukia sabuni na bado hana udhu. Anaweza pia kuwa na tope mpaka magotini na udhu wake ukawa kamili.

Sasa urudie ule mstari wa najisi uutafute mahali palipoandikwa oili, grisi, dizeli au jasho. Hapapo. Ovaroli ya fundi ni chafu, lakini ni twahara, na anaweza kuswali nayo. Kubadilisha ni bora, kwani Qur'ani inatutaka tujipambe tunapokwenda kwenye ibada, katika aya ya 31 ya Sura ya Al-A'raf. Ila bora ni bora, na lazima ni lazima. Asiye na nguo ya kubadilisha hana ruhusa ya kuiacha swala ipite wakati wake.

Kama kuna najisi ya kumtia fundi wasiwasi, basi ni ya chooni, wala si ya chini ya gari. Gereji nyingi choo chake ni ukuta. Mtu anasimama, anajisaidia haraka, matone yanarukia suruali, anarudi kazini bila kuchamba. Mtume (s.a.w.) alipita kwenye makaburi mawili akaeleza kwamba waliomo wanaadhibiwa, mmoja kwa kusengenya na kufitini watu, mwingine kwa kutojikinga na mkojo wake. Hadithi hiyo wameipokea Bukhari na Muslim. Yule aliyetia kanzu nyeupe ya pasi lakini hajui kuchamba ana kazi kubwa kuliko fundi mwenye grisi. Na maji yakikosekana chooni, karatasi au jiwe kavu linatosha, mradi mtu apanguse si chini ya mara 3 na pakauke pasafike.

Grisi ina hoja moja tu ya kweli, nayo inahusu udhu. Aya ya 6 ya Sura ya Maida imetaja viungo: uso, mikono hadi viwikoni, kichwa kwa kupaka maji, na miguu hadi vifundoni. Kwa madhehebu ya Imamu Shafi, yanayofuatwa na Waislamu wengi wa kwetu, ukiongeza nia mwanzoni na kufuata mpangilio huohuo unapata nguzo 6 za udhu. Na kiungo cha kuoshwa lazima kifikiwe na maji. Grisi nzito iliyoganda ni kama utando, maji yanateleza juu yake. Hivyo iondolewe, na mafundi wenyewe wana namna yao: dizeli kidogo kwenye tambara, kisha sabuni ya unga, kisha maji. Ikibaki rangi nyeusi tu kwenye mikunjo, haina neno. Ni kama hina: rangi imebaki lakini maji yanagusa ngozi. Rangi ya kucha ya dukani ni kinyume chake, ni utando kamili, na dada anayeipaka hana budi kuifuta kabla ya kutawadha. Kuhusu weusi wa chini ya kucha, wapo wanazuoni waliousamehe ukiwa mchache, hasa kwa watu wa kazi za mikono. Mimi humwambia fundi azikate kucha zake kila wiki, shughuli iishe.

Swali la pili linaloulizwa sana hapa kwetu ni la maji yenyewe. Tuna eneo zima kwenye barabara ya Moshi linaitwa Maji ya Chai, na jina limetokana na rangi ya maji ya mto wake. Sehemu nyingi za miteremko ya Meru maji yana madini ya floridi kiasi cha kuacha alama za kahawia kwenye meno ya watu waliokulia huko. Je, maji ya rangi hiyo yanafaa kwa udhu?

Yanafaa. Kanuni ni kwamba maji ya kutwaharishia yawe “maji mutlaki”, yaani maji ambayo mtu akiyaona atayaita maji bila kulazimika kuongeza neno jingine. Maji yaliyobadilishwa na udongo yanamopita, na miamba, na majani yaliyoangukia mtoni, au kwa kukaa muda mrefu, bado ni maji. Lakini chukua maji safi ya bomba, tia majani ya chai, chemsha. Hakuna atakayeyaita maji tena, kila mtu ataiita chai. Ni twahara, kunywa utakunywa, lakini huwezi kutilia udhu. Kwa hiyo maji ya Maji ya Chai yanatawadhiwa, na maji ya chai hayatawadhiwi. Supu ni hivyohivyo, soda ni hivyohivyo, na maji yaliyokorogwa sabuni mpaka yakawa povu tupu yana hukumu hiyo pia.

Maji yakiingiwa na najisi ndipo wingi wake unapoangaliwa. Kwa Imamu Shafi kipimo ni kulla mbili, ambazo wanaokadiria kwa lita husema ni lita 200 na kitu. Simtanki la lita 500 likidondokewa na kinyesi cha ndege na maji yasibadilike rangi, ladha wala harufu, yanabaki twahara. Ndoo ya lita 20 ikiingiwa na mkojo wa mtoto, imwage.

Na mgao wa maji usiwe sababu ya kuacha udhu. Mtume alikuwa akitawadha kwa mudi moja, ambayo ni kiasi cha viganja viwili vilivyokusanywa pamoja, na akioga kwa pishi moja ya zama zile, yaani mudi 4, mpaka mudi 5. Mudi moja haifiki lita. Chupa ya maji ya kunywa ya lita moja inatosha udhu wa mtu na inabaki. Nenda kwenye msikiti wowote siku ya Ijumaa uangalie bomba lililoachwa wazi huku mtu akikunja suruali, uone tunavyomwaga udhu wa watu wanne kwa udhu mmoja.

Kuna hadathi kubwa, na hapa ndipo mkanganyiko unapoumiza watu. Hadathi kubwa ni janaba (hali ya baada ya tendo la ndoa au kutokwa na manii), hedhi na nifasi (damu ya uzazi), na dawa yake ni kuoga mwili mzima kwa nia. Kwa kuwa tumezoea kusema “siko safi”, imeingia vichwani kwamba mtu huyo mwenyewe amekuwa kitu kichafu. Nimesikia binti akikatazwa kupika futari kwa sababu yuko kwenye siku zake. Nimesikia mtu akiogopa kumpa mwenzake mkono kabla hajaoga janaba.

Abu Huraira, sahaba wa Mtume, aliogopa vivyo hivyo. Alikutana na Mtume njiani Madina akiwa na janaba, akachepuka kimyakimya, akaenda kuoga, kisha akarudi. Mtume akamuuliza alikuwa wapi. Alipoeleza, Mtume alishangaa na kumwambia kwamba muumini hanajisiki. Na Bibi Aisha alipoombwa na Mtume ampe mkeka mdogo wa kuswalia, akasema yuko hedhini. Akajibiwa kwamba hedhi yake haiko mkononi mwake. Damu ile ni najisi, ndiyo, kama damu nyingine yoyote. Mikono, jasho, mate na chakula anachopika ni twahara tupu. Kilichozuiwa ni swala, saumu na ibada nyingine kadhaa, na kuacha kwake swala siku hizo ni utiifu sawa na kuswali kwake siku nyingine. Anayemfanya binti yake ajione mkosi ndani ya nyumba anazungumza mila, hazungumzi dini.

Dada zangu waliosuka huniuliza kuhusu kufumua nywele wakati wa kuoga janaba. Ummu Salama, mke wa Mtume, aliuliza hilohilo, na Mtume akamwambia inatosha kumimina maji kichwani mara 3. Wanazuoni wetu wameongeza sharti moja: maji yapenye hadi kwenye mashina. Msuko uliobana mpaka maji hayaingii, ulegeze.

Tukija kwenye baridi, ni kweli Alfajiri ya Julai maji ya bomba Arusha yanauma kama sindano. Lakini baridi peke yake haimpi mtu ruhusa ya tayamamu, yaani kujitwaharisha kwa udongo badala ya maji. Chemsha maji. Ruhusa inakuja pale ambapo hakuna njia ya kuyapasha moto na mtu anahofia madhara ya kweli. Sahaba Amr bin Al-As alipata janaba usiku wa baridi kali akiwa kwenye msafara wa Dhatu Salasil, mwaka wa 8 Hijria. Akatayamamu, akawaswalisha wenzake. Mtume alipomuuliza, akajibu kwamba aliikumbuka aya inayokataza kujiua. Mtume akacheka, wala hakumkemea. Imepokewa na Abu Daud.

Watakaohitaji zaidi elimu hii ni ndugu zetu wapagazi wa Kilimanjaro, vijana wa Moshi wanaopanda na mizigo kichwani siku 5 hadi 8. Kambi ya Barafu, ya mwisho kabla ya kilele kwa njia ya Machame, haina maji. Wapagazi huyabeba kutoka bonde la Karanga. Maji yaliyobebwa kwa shida hiyo ni ya kunywa na kupikia, na yakihitajika kwa hayo, aliye nayo anaruhusiwa kutayamamu: anapiga viganja kwenye udongo wenye vumbi, anapaka uso, kisha mikono. Kwa madhehebu yetu ni mapigo 2 na mikono inapakwa hadi viwikoni, na anatayamamu upya kwa kila swala ya faradhi baada ya wakati wake kuingia. Sahaba Ammar bin Yasir, kabla ya kufundishwa, aligaagaa mchangani mwili mzima kama mnyama, akidhani tayamamu ya janaba lazima imwenee kama maji. Mtume akamwonesha kwa mikono tu kwamba uso na mikono vinatosha. Na panapokuwa na maji lakini miguu imefungwa kwenye viatu vya ngozi vinavyofunika vifundo, alivyovivaa akiwa na udhu, anapangusa juu yake kwa maji bila kuvua: mkaazi kutwa moja na usiku wake, msafiri siku 3 na usiku zake. Ruhusa zote hizi zimo humohumo kwenye dini inayomtaka atawadhe, na ile aya ya udhu inamalizikia kwa kusema kwamba Mwenyezi Mungu hataki kututia kwenye dhiki.

Nipite haraka kwenye mambo yanayosemwa vijiweni. Kushikana mkono na jirani asiye Muislamu hakutengui udhu. Kinachotengua, kwa Imamu Shafi, ni ngozi ya mwanamume na ya mwanamke wasio maharimu (ndugu wasioweza kuoana) kugusana bila kizuizi. Kubanana kwenye kifodi nguo kwa nguo hakuna athari. Kuvuta sigara hakutengui, ila harufu yake ni jambo jingine, nitalifikia. Mama anayemchamba mtoto kwa kiganja kitupu akigusa tupu yake, udhu wake umetenguka kwa madhehebu haya, na wengi hawalijui hilo. Nguo za mtumba za Kiboriloni, au kokote zilikofunguliwa, ni twahara mpaka uione najisi kwa macho yako. Kuzifua ni usafi mzuri na afya. Na anayehisi kama upepo umemtoka ndani ya swala, asitoke mpaka asikie sauti au apate harufu. Yakini haiondolewi na shaka. Hili la mwisho lingewatua mzigo watu wangapi wanaotawadha mara tano kwa swala moja!

Je, kwa kuwa uchafu si najisi, basi tuje msikitini tulivyo? Hapana, na sababu yake naipenda kuliko yote niliyoyasema. Bibi Aisha ameeleza kwamba watu wa zama zile walikuwa wafanyakazi, wakijihudumia wenyewe, na Ijumaa walikwenda msikitini kama walivyo kutoka kazini, na jasho lao. Mtume hakusema swala zao zimeharibika wala hakuwarudisha majumbani. Aliwaambia, kwa upole, lau mngeoga. Kuoga Ijumaa kukawa sunna iliyotiliwa mkazo. Msikiti wa Mtume ulijaa watu kama yule kijana wa Unga Limited.

Usafi wa msikitini, basi, ni haki ya yule anayesimama bega kwa bega nawe. Ndiyo maana aliyekula kitunguu saumu kibichi aliambiwa akae mbali na msikiti, na kitunguu saumu ni halali na ni twahara. Soksi iliyoshinda ndani ya buti tangu Jumatatu inaingia hapo, sigara inaingia hapo, na mswaki, ambao Mtume alisema angeufanya lazima kila swala lau si kuogopa kuutia umma uzito, unatoka hapo. Hata mwendo una adabu yake. Aliyekuja Ijumaa akiruka mabega ya watu kutafuta safu ya mbele aliambiwa: kaa, umeudhi watu. Huyo anaweza kuwa ananukia udi.

Na namna ya kumrekebisha aliyekosea nayo ni adabu ya ibada. Bedui aliingia msikiti wa Madina akakojoa pembeni humohumo. Najisi halisi, ndani ya msikiti. Masahaba wakamjia juu. Mtume akawazuia, akamwacha amalize, akaagiza ndoo ya maji imwagwe mahali pale, kisha akamfundisha. Nimeshuhudia katika msikiti mmoja mbeba zege akiambiwa kwa sauti, mbele ya safu nzima, arudi nyuma na matope yake. Alirudi nyuma mpaka nje ya mlango, na sijamwona tena pale. Tope lake lilikuwa twahara.

Siku ile gereji, kijana alileta dizeli kwenye kifuniko cha chupa. Alisugua kidole kimoja kimoja, akaja na sabuni ya unga, akasuuza kwenye ndoo kwa kopo. Maji ya kwanza yalitoka meusi, ya pili ya kijivu, ya tatu meupe, na viganja vikabaki na kivuli tu kwenye mikunjo. Nikamwonesha pete yake, akaizungusha maji yapite chini. Alipomaliza miguu akatandika boksi la kaatoni pembeni ya kontena, akasimama akigeuka huku na huku, kwa kuwa miaka minne hakuwahi kuuliza kibla cha hapo kazini kwake kiko wapi. Nikamwonesha kaskazini, upande ule ule wa Mlima Meru, ingawa kwa mawingu ya Julai mlima wenyewe haukuonekana.